Kutoka "Zilizopendwa" hadi "Zinazopendwa": Albamu ya Marejeo ya Les Mangelepa na Kiswahili cha Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza albamu ya Last Band Standing ya bendi ya Les Mangelepa, iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Ketebul Music la Nairobi, kama matini ya fasihi ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba wimbo wa gitaa unaporudiwa na waimbaji waliozeeka hauwi tena wimbo uleule, hata kama maneno hayakubadilishwa, kwa kuwa nafsineni, mahali na hadhira vyote vimebadilika. Kwa msingi huo, makala yanahoji istilahi ya "zilizopendwa" ambayo kwayo nyimbo za aina hii huainishwa redioni na hata darasani. Mifano inatokana na nyimbo za "Embakasi" na "Nyako Konya", na mahali panapozingatiwa ni mitaa ya Eastlands, ambayo kwa zaidi ya miaka hamsini imekuwa makao ya hadhira kubwa ya muziki wa gitaa jijini Nairobi.

Utangulizi

Wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili wameushughulikia wimbo katika sura mbili: wimbo wa jadi, ambao huwekwa katika fasihi simulizi, na taarabu, ambayo imepata heshima ya kuchunguzwa pamoja na ushairi wa pwani. Kati ya sura hizo mbili umesahauliwa wimbo wa bendi ya mjini, unaoimbwa kwa magitaa matatu, tarumbeta na ngoma, na ambao umewafikia wasikilizaji wengi kuliko diwani yoyote ya mashairi iliyochapishwa nchini Kenya. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuhitimu bila kuulizwa swali hata moja kuhusu Daudi Kabaka, Fadhili William au Gabriel Omolo, ilhali mzazi wake anazijua nyimbo zao kwa moyo.

Kusahauliwa huko kuna hasara zake. Mzozo kuhusu mtunzi halisi wa "Malaika", ambao baadhi ya watu humtaja Fadhili William na wengine Adam Salim, unaonyesha hali inavyokuwa pale ambapo wimbo hupendwa na kila mtu bila kuandikwa historia yake wakati watunzi wangali hai. Fadhili William na Daudi Kabaka walifariki mwaka mmoja, 2001. Kwa hiyo, bendi kongwe inaporudi studioni na kurekodi upya nyimbo zake, mhakiki anapata nafasi adimu ya kuisoma kazi mara mbili: kama ilivyotungwa ujanani, na kama inavyosomwa upya na watunzi wenyewe uzeeni.

Usuli: gitaa na mitaa

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyo mashariki ya kitovu cha jiji la Nairobi. Pumwani ilianzishwa mapema katika miaka ya 1920 kwa ajili ya wakazi Waafrika. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, wakati ambapo wafungwa wa vita wa Kiitaliano walitumiwa kama nguvukazi. Bahati, Mbotela, Maringo, Jericho na Jerusalem zilifuata kabla na baada ya Uhuru. Buruburu, Umoja na Dandora zikajengwa kuanzia miaka ya 1970. Kumbi za jamii katika mitaa ya zamani, kama ule wa Kaloleni na ule wa Makadara, zilitumika kwa siasa na kwa dansi. Ukumbi uliosikiliza hotuba mchana uliweza kusikiliza magitaa usiku.

Katika mazingira hayo ndimo ulimokua mtindo wa twisti wa Kenya katika miaka ya 1960. Equator Sound Band, iliyohusishwa na studio ya Equator Sound, iliwakusanya Fadhili William, Daudi Kabaka na wenzao, wakiwemo Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Jambo la kuzingatia ni kwamba tangu mwanzo muziki wa gitaa wa Nairobi haukuwa wa wenyeji peke yao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na methali hiyo inausadifu muziki huu.

Les Mangelepa ni sehemu ya wimbi lililofuata. Baba Gaston Ilunga wa Ilunga, mwanamuziki kutoka Katanga nchini Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliileta bendi yake jijini Nairobi katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1976 kundi la wanamuziki wake lilijitenga na kuunda Les Mangelepa. Miongoni mwao alikuwemo mwimbaji Kabila Kabanze, ajulikanaye kwa jina la Evany, ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi wa bendi. Nyimbo zao za miaka hiyo zilitambulika kwa sauti za waimbaji zilizopandiana, tarumbeta na saksafoni, na gitaa la solo lililotamka tuni kwa ufasaha kana kwamba nalo lina maneno yake.

Bendi nyingi za wakati huo zilisambaratika. Katika miaka ya 1980 vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni vilikuwa chanzo cha mashaka makubwa, na biashara ya santuri ikaporomoka kwa sababu ya kanda zilizonakiliwa bila idhini. Mangelepa walibaki. Jina la albamu yao ya mwaka 2017, lenye maana ya bendi ya mwisho iliyobaki imesimama, linapaswa kueleweka kwa muktadha huo. Albamu hiyo ilitayarishwa chini ya Tabu Osusa, mwasisi wa Ketebul Music, shirika ambalo limekuwa likihifadhi na kurekodi upya kazi za wanamuziki wakongwe wa Kenya.

Mkabala wa uchunguzi

Makala haya yanaongozwa na mawazo mawili. La kwanza linatokana na Albert Lord, ambaye katika utafiti wake wa mwaka 1960 kuhusu waimbaji wa tendi alionyesha kwamba katika sanaa ya mdomo kila utendaji ni utungaji mpya. La pili ni dhana ya mtindo wa machweo, iliyoendelezwa na Edward Said katika kitabu kilichochapishwa mwaka 2006 baada ya kifo chake. Said, akimfuata Theodor Adorno aliyeandika kuhusu Beethoven, alitofautisha aina mbili za kazi za uzeeni. Kuna kazi zinazopatanisha mambo, ambazo ndani yake msanii anaonekana kufikia utulivu na hekima. Kuna pia kazi zinazokataa kupatanisha, zinazoacha mikwaruzo na mikinzano wazi.

Mawazo haya yanafaa kutumiwa kwa pamoja kwa sababu bendi ya dansi iko kati ya fanani wa jukwaani na mtunzi wa maandishi. Kila usiku huutunga wimbo upya mbele ya hadhira. Lakini pia huacha rekodi isiyobadilika, ambayo hadhira huitumia kama kipimo. Mwimbaji mzee hushindana na sauti yake mwenyewe ya ujanani, ambayo wasikilizaji wanayo nyumbani.

Tatizo la wakati uliopita

Neno "zilizopendwa" limeshika mizizi katika redio za Kenya kama jina la nyimbo za zamani. Kisarufi, neno hili limebeba kiambishi -li- cha wakati uliopita pamoja na kauli ya kutendwa. Nyimbo hizo, kwa mujibu wa umbo la neno, zilipendwa na watu wasiotajwa, kisha upendo huo ukakoma. Bila shaka anayetangaza kipindi hakusudii maana hiyo, anakusudia sifa. Hata hivyo, istilahi huunda mazoea ya kufikiri. Kinachoitwa "zilizopendwa" husikilizwa kwa kumbukumbu na huzuni tamu, na si kwa udadisi. Hakuna anayeuliza wimbo huo unasema nini leo.

Methali ya "ya kale ni dhahabu" ina tatizo linalofanana na hilo. Dhahabu huthaminiwa, lakini pia hufungiwa sandukuni. Mtazamo huo unamwondolea msanii mkongwe haki ya kuendelea kukua. Anatarajiwa aimbe kama alivyoimba mwaka 1977, na kila tofauti huhesabiwa kuwa upungufu.

Albamu ya marejeo inaukabili mtazamo huu moja kwa moja. Yapo mifano mashuhuri ya marejeo kama hayo kwingineko. Wazee wa Cuba waliokusanywa katika mradi wa Buena Vista Social Club mwaka 1996 walipata wasikilizaji wapya duniani kote, na Orchestra Baobab ya Senegal, iliyovunjika katika miaka ya 1980, iliungana tena na kutoa albamu mwaka 2002. Nchini Kenya kwenyewe, Fundi Konde, mpiga gitaa aliyeanza kurekodi katika miaka ya 1940, alipata uhai mpya wa kisanaa aliposhirikiana na bendi ya Them Mushrooms kabla ya kifo chake mwaka 2000. Tofauti ya Mangelepa ni kwamba wao hawakufufuliwa. Waliendelea kupiga muziki majukwaani, wiki baada ya wiki, mbele ya hadhira iliyopungua na kuongezeka. Marejeo yao ni ya kurudi studioni tu. Sanaa yenyewe haikuwahi kuondoka.

"Embakasi": mahali palipobadilika maana

Wimbo wa "Embakasi" ulirekodiwa katika miaka ya 1970. Ni wimbo wa kuagana: Embakasi inayotajwa ni uwanja wa ndege, mahali pa kumsindikiza mpendwa na kurudi peke yako. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1958, na ujenzi wake ulitegemea kazi ya mahabusu wa Mau Mau waliofungwa huko Embakasi wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka 1978, baada ya kifo cha Rais Jomo Kenyatta, uwanja wa kimataifa ulipewa jina lake. Wimbo umelihifadhi jina la zamani.

Kwa msikilizaji wa miaka ya 1970, Embakasi palikuwa pembezoni mwa jiji, nyikani, mahali ambapo watu wengi walifika tu kwa ajili ya safari au kuagana. Uhusiano wa mahali na hisia ulikuwa wazi: jina lenyewe lilimaanisha kutengana. Kwa waimbaji waliokuwa wameiacha nchi yao, maana hiyo ilikuwa na uzito wa ziada. Nafsineni anayebaki uwanjani akitazama ndege ni mpenzi aliyeachwa. Lakini nyuma yake yupo mhamiaji anayejua kwamba kila uwanja wa ndege una upande wa pili.

Je, msikilizaji wa mwaka 2017 anasikia nini? Jiji limeufikia uwanja na kuuzunguka. Katika uchaguzi wa mwaka 2013, eneo bunge la Embakasi lilikuwa limegawanywa kuwa matano, na majina ya Embakasi Magharibi, Kati, Kaskazini, Kusini na Mashariki yakawa anwani za wakazi wa Umoja, Kayole, Dandora, Pipeline na Utawala. Kijana aliyezaliwa Kayole anaposikia jina hilo haoni ndege. Anaona kituo cha matatu, nyumba za ghorofa zilizobanana, foleni ya maji na kazi ya asubuhi. Mahali pa kuagana pamekuwa mahali pa kuishi.

Mabadiliko haya hayakufanywa na mtunzi, wala hayamo katika maneno ya wimbo. Hata hivyo, yamo katika maana yake, kwa kuwa jina la mahali ni ishara inayojazwa na wanaoitumia. Katika utendaji wa uzeeni, kiitikio kinacholitaja jina hilo kinabeba tabaka mbili kwa wakati mmoja. Mzee wa Jericho anasikia huzuni ya kale. Mjukuu wake wa Umoja anasikia kwao kukitajwa katika wimbo mzuri. Na waimbaji, ambao waliimba habari za kuondoka lakini wao wenyewe wakabaki Nairobi kwa zaidi ya miaka arobaini, wanasimama kati ya tabaka hizo mbili. Huu ni upatanisho wa aina ya kwanza aliyoieleza Said.

"Nyako Konya": wimbo usiokubali kuzeeka

Hali si hiyo katika "Nyako Konya". Jina la wimbo huu ni la Kijaluo, lenye maana ya "msichana, nisaidie". Katika miaka ya 1970 mwito huo ulifuata kaida iliyozoeleka katika ushairi wa mapenzi wa Kiswahili: mpenzi ni mgonjwa, mpendwa ni tabibu, na dawa ni kukubaliwa. Udhaifu wa nafsineni ulikuwa wa kubuniwa. Kijana mwenye nguvu alijifanya mhitaji ili apendwe.

Mwito huohuo ukitoka kinywani mwa mzee unazua maswali. Kwanza, udhaifu unaweza kuwa wa kweli, na ombi la msaada likaacha kuwa sitiari. Pili, na hili ni gumu zaidi, mzee anayemwomba msichana katika jiji la leo anaweza kueleweka vibaya. Hadhira ya sasa ina lugha kali kwa wanaume wazima wanaowaandama wasichana, na haki iko upande wake. Wimbo uliokuwa wa kawaida umekuwa na mkwaruzo.

Wahakiki wengine wangeliona jambo hili kuwa kasoro, na wangelishauri bendi ibadilishe maneno. Makala haya yanaliona kuwa kiini cha thamani ya kuurudia wimbo. Hadhira iliyozeeka pamoja na wimbo hulitatua tatizo hilo kwa kumbukumbu: haimsikii mzee akimwomba msichana, bali inamsikia mzee akikumbuka alivyokuwa akiomba. Kwa maneno mengine, inauongezea wimbo fremu ya masimulizi ambayo haimo katika maneno. Hadhira changa haina fremu hiyo, na ni lazima iijenge yenyewe au iukatae wimbo. Hapa inadhihirika kwamba hadhira si mpokeaji tu bali ni mtunzi mwenza, kama nadharia ya fasihi simulizi inavyodai. Ni aina ya pili ya mtindo wa machweo: kazi inayoacha mkinzano bila kuufunga.

Gitaa lina nafasi yake katika mkinzano huo. Katika santuri za zamani, wimbo mrefu uligawanywa pande mbili. Maneno yalitawala upande wa kwanza, na sebene, yaani sehemu ya kuchezeka inayoongozwa na gitaa la solo, ikatawala upande wa pili. Msikilizaji alilazimika kuinuka na kuigeuza santuri, na katika kimya hicho ombi lilining'inia bila jibu. Katika albamu ya leo hakuna kugeuza. Sauti ya mwimbaji inapokoma, gitaa hulipokea ombi papo hapo na kulipeleka mbele kwa tuni ileile. Muundo wa matini umebadilishwa na chombo cha kuihifadhia.

Kiswahili cha nani?

Swali la mwisho ni la lugha. Waimbaji waliotoka Katanga walikuja na Kiswahili chao, ambacho Johannes Fabian na wataalamu wengine wamekichunguza kwa kina. Ni lahaja ambayo, mathalani, hutumia kiambishi ba- ambapo Kiswahili sanifu hutumia wa-, na kusema "batu" badala ya "watu". Jijini Nairobi walikuta Kiswahili kingine, cha mitaa ambamo lugha nyingi za Kenya hukutana, na ambamo pia Sheng ilikuwa ikichipuka. Wakaongeza Kilingala, lugha ya rumba, na wakachukua Kijaluo cha majirani na wapenzi wao.

Kwa mtazamo wa usanifu, mchanganyiko huu ni uchafuzi. Kwa mtazamo wa mawasiliano, ni ufundi: bendi iliuza santuri kwa watu wa makabila na nchi mbalimbali kwa sababu kila mmoja alipata mlango wa kuingilia. Mwaka 1980, Sauti ya Kenya ilipojaribu kuagiza kwamba sehemu kubwa ya muziki wa redio iwe ya Kenya, agizo ambalo halikudumu, lilijitokeza swali ambalo halijajibiwa hadi leo. Wimbo uliotungwa na Mkatanga, ukarekodiwa Nairobi, wenye jina la Kijaluo au jina la uwanja wa ndege wa Nairobi, ni wa nani? Kigezo cha pasipoti hakitoshi katika fasihi. Mtunzi ambaye lugha yake imefinyangwa na mitaa ya mahali fulani, na ambaye mitaa hiyo inajitambua katika kazi yake, ni mtunzi wa mahali hapo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba albamu ya marejeo ya Les Mangelepa ni usomaji mpya wa kazi za zamani, uliofanywa na watunzi wenyewe. "Embakasi" imepata maana ambayo haikuwa nayo, kwa sababu jiji limehamia ndani ya wimbo. "Nyako Konya" imepata ugumu ambao haikuwa nao, kwa sababu umri umehamia ndani ya sauti. Katika hali zote mbili, kiambishi -li- cha "zilizopendwa" kinakosa kueleza kinachotendeka. Hata bendi changa zinalifahamu hilo: Sauti Sol, katika wimbo wa "Suzanna" wa mwaka 2020, waliuvaa mtindo wa enzi hizo kama kitu kilicho hai kinachoweza kuvaliwa.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, wimbo wa gitaa uingizwe katika silabasi za fasihi ya Kiswahili vyuoni, na uchunguzwe kama matini yenye wasifu wa mahali, utendaji na hadhira. Pili, wanafunzi wa Kiswahili waanze kuyanukuu maneno ya nyimbo hizi kwa maandishi pamoja na maelezo ya watunzi, mtaa kwa mtaa, kuanzia Pumwani na Kaloleni hadi Kayole. Kazi hiyo haihitaji vifaa vya gharama. Inahitaji daftari, kinasa sauti na adabu ya kumsikiliza mzee bila kumkatiza. Bendi iliyobaki imesimama haitasimama milele, na maneno yasiyoandikwa huondoka pamoja na mwenye kuyaimba.